Namna ya Kumuundia Mjukuu Sanduku Kisumu Ndogo Bila Kukosana na Majirani

Anza na mlango. Babu wengi huanza na mjukuu. Wanamsimamisha ukutani, wanampima kimo, wanakisia atakuwa na nguo ngapi akifika Gredi ya 9, kisha wanachora sanduku ambalo mtu mzima angelala ndani akajinyoosha. Sanduku linakamilika nje, vijana wanne wanalibeba, linafika mlangoni na kukataa kuingia. Kuanzia siku hiyo linakuwa benchi la wazee wanaongojea mechi ya Gor Mahia, na mjukuu anaendelea kuweka nguo zake kwenye gunia.

Kwa hiyo chukua kamba. Pima upana wa mlango, funga fundo. Pima kichochoro kwenye kona yake mbaya zaidi, ile yenye mtaro upande huu na nguzo ya stima upande ule, funga fundo la pili. Ingia ndani upime kutoka sakafuni hadi kwenye chaga za kitanda, funga la tatu. Kamba hiyo usimwazime mtu hadi kazi iishe.

Kisumu Ndogo ninayoisema ni ya Kibera, jirani na Gatwekera, lakini watu wa Kisumu Ndogo nyingine wasijitenge, maana milango yetu ni mamoja. Chumba ni futi 12 kwa 12, pengine 10 kwa 10, na ndani mna kitanda, pazia, kochi, meza, jiko, mitungi ya maji na familia nzima. Humo sanduku lina makao mawili tu: chini ya kitanda, au kando ya ukuta likiwa kiti mchana. Urefu wa futi 3, upana wa futi moja na nusu na kimo cha futi moja vinatosha. Ukiongeza miguu na kifuniko, kimo kinafika inchi 15 hivi. Kitanda kikiwa chini mno, kiinue kwa matofali. Usilipunguze sanduku, kitanda ndicho kinachopaswa kupanda.

Nataka tuelewane mapema kwa nini tunajisumbua. Mtoto anayekulia kwenye chumba kimoja hana kitu chake chenye kifuniko. Daftari lake liko juu ya kabati pamoja na la kaka yake. Cheti chake cha kuzaliwa kiko chini ya godoro, kijitabu cha kliniki kwenye mkoba wa mama, na picha yake ya pekee ya utotoni iko kwa shangazi wa kule Nyalenda, Kisumu, ambaye kila mwaka anasema ataileta. Siku shule inapodai cheti, nyumba nzima inapinduliwa na mtu lazima alaumiwe. Sanduku linampa mtoto mahali pamoja penye jina lake, na ninaamini hilo linastahili jasho la babu kuliko zawadi yoyote ya dukani.

Utaulizwa mbona usinunue sanduku la bati, kama yale yanayogongwa na mafundi wa jua kali kule Kamukunji na kupelekwa shule za bweni. Ni masanduku mazuri, na panya hayawezi. Lakini bati hutoka jasho asubuhi za baridi za Julai, hasa chini ya kitanda ambako hewa haipiti, na karatasi zilizokaa humo hulowa pembeni na kuvunda. Tena sanduku la bati ni la shule: linapakwa jina na nambari, linapanda basi, linarudi limebonyea. La mbao hubaki nyumbani, na likipata ufa babu mwenyewe analiziba.

Sasa mbao. Nunua saiprasi. Ni nyepesi, inakubali msumari, na harufu yake inapendeza kukaa na nguo. Ukinunua za 6 kwa 1, hesabu ni hii: mbele na nyuma, mbao mbili mbili, zinakula futi 12. Pande mbili fupi, futi 6. Kifuniko, mbao tatu, futi 9. Sakafu, futi 9. Jumla 36. Nunua 40, kwa sababu kila ubao una fundo mahali usipolitaka na msumeno nao hula chake. Ongeza futi 12 za 2 kwa 2 kwa nguzo za kona, miguu na mikanda ya kifuniko. Usishangae ukipima ubao wa inchi 6 ukapata pungufu, maana randa ya kiwandani imeshapita. Pima tena zikiwa mikononi mwako ndipo ukate.

Bei haitakufurahisha. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao zilipanda, na hata baada ya Rais Ruto kutangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, hakuna muuza mbao Gikomba aliyekimbia mtaani kutangaza punguzo. Kwa hiyo wengi watakushauri uvunje paleti za bure kutoka Industrial Area. Fanya hivyo, lakini soma muhuri kwanza. Paleti iliyovuka mipaka hupigwa chapa ubavuni. Ikiwa na herufi HT, ilitibiwa kwa joto tu na inafaa. Ikiwa na MB, ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya kuulia wadudu, na mbao hizo zisikaribie nguo za mtoto. Isiyo na chapa yoyote, au yenye madoa ya mafuta, iache hapo hapo, hata kama inatolewa bure na soda juu.

Mbao mbichi ndizo zitakazokutia aibu. Shika mbili za urefu mmoja, moja kila mkono. Iliyo nzito zaidi bado ina maji. Ukiunda sanduku kwa mbao za maji, mwezi wa pili litakuwa limesinyaa, na kati ya ubao na ubao patapita kidole, na kwa kidole kile watafuata mende wa ploti nzima. Zipange chini ya paa, zisiguse ardhi, na kati ya kila ubao na mwenzake weka vijiti ili hewa ipite. Ziache wiki kadhaa. Mjukuu atauliza kila siku. Mwambie ukweli, kwamba mbao zinakauka, umpe kazi ya kuzigeuza.

Kukata na kugonga utafanyia nje, kwa kuwa ndani msumeno hauna pa kwenda. Nje ni njia ya watu, na kila apitaye Kisumu Ndogo ni fundi. Atatokea wa kusema sanduku ni refu, wa kusema ni fupi, na mmoja aliyewahi kufanya kazi Mombasa ambaye atakueleza masanduku ya Lamu na Zanzibar, yenye misumari ya shaba kifuani na droo za siri ndani. Msikilize huyo wa mwisho, tutamhitaji. Wengine usibishane nao, wape kazi. Mwenye mwili mkubwa akalie ubao unapoukata. Mwenye maneno mengi ashike kamba. Mtu akishashika kamba ya kazi hawezi tena kuitukana, na jioni utamsikia akimsimulia mke wake sanduku walilounda.

Sasa msumari, ambao ndio huharibu kazi za wengi. Saiprasi kavu hupasuka mwisho wa ubao, na hakuna uchungu kama kuona ufa ukikimbia kwenye ubao ulioulipia. Kabla ya kuupiga, geuza msumari, weka kichwa chake juu ya jiwe, kisha ugonge ncha taratibu hadi ipoteze ukali. Ncha kali hujipenyeza kati ya nyuzi za mbao na kuzitenga. Ncha butu huzikata na kupita. Halafu usipige misumari yote kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo. Kwenye kona simamisha nguzo za 2 kwa 2 kwa ndani, paka gundi ya mbao, ndipo mbao za pembeni zigongewe juu yake.

Kabla gundi haijakauka, vuta kamba kutoka kona hadi kona ya kukabiliana nayo, kisha ufanye hivyo kwa kona zile nyingine mbili. Vipimo viwili vikilingana, sanduku limenyooka. Visipolingana, kandamiza kona mbili za kipimo kilicho kirefu hadi vilingane. Hatua hii wasio na subira huiruka, kisha wanamaliza mwaka wakilaumu bawaba.

Chini gonga miguu miwili ya 2 kwa 2, ili maji yakiingia sakafuni yapite chini ya sanduku yasiingie ndani. Anayeishi karibu na mto na aliyeona mvua za Aprili na Mei 2024 hahitaji kuelezwa zaidi. Mzunguko wa chini, kwa nje, zungushia ukanda mwembamba wa mabati, kwa sababu panya huanza kutafuna kwenye kona. Na watu watakuletea oili chafu ya gari upake dhidi ya mchwa. Oili hiyo ni ya nguzo za ua. Kwenye sanduku itanuka miaka mingi na kuchafua kila sare. Paka vanishi nje tu, ndani acha mbao yenyewe.

Kifuniko nataka tukizungumze polepole. Marekani kulikuwa na kampuni iitwayo Lane iliyouza masanduku ya mwerezi kwa miaka mingi, na yale yaliyotengenezwa kati ya 1912 na 1987 yalikuwa na kufuli iliyojifunga yenyewe kifuniko kikishuka. Watoto waliingia kujificha wakicheza, wakafungiwa, wakakosa hewa. Mwaka 1996 kampuni ilitangaza kubadilisha kufuli za masanduku yapatayo milioni 12, na miaka mingi baadaye watoto bado walikufa ndani ya yale ambayo hayakubadilishwa. Mtoto wa Kibera hujificha kama mtoto wa Marekani. Kwa hiyo usiweke chochote kinachojifunga. Weka pete mbili na kufuli ya kawaida, ambayo lazima mkono wa mtu uifunge kutoka nje. Toboa matundu nyuma, juu kidogo, uyazibe kwa wavu wa dirisha ili hewa ipite na mende wasipite. Halafu kata vipande viwili vya soli ya patapata kuukuu uvibandike kwenye kona za mbele, chini ya kifuniko. Kikianguka ghafla, mpira unakipokea, na vidole vya mjukuu vinabaki vyote kumi. Kamba fupi mbili kwa ndani zitazuia kifuniko kisirudi nyuma kikang'oa bawaba.

Kwa ndani, upande wa kushoto, tengeneza kisanduku kidogo chenye kifuniko chake. Hapa ndipo unamwita yule bwana wa Mombasa, kwa sababu masanduku ya pwani yalikuwa nacho. Humo kitakaa cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki, ripoti za shule na picha, kila kimoja ndani ya bahasha.

Halafu mishikio, kitu ambacho babu wa sehemu nyingine anaweza kukiacha, lakini wewe huwezi. Toboa matundu mawili kila upande mfupi, pitisha kamba nene ya katani, funga mafundo makubwa kwa ndani. Sanduku tupu litakuwa kilo 20 na kitu, na watu wawili lazima waweze kuondoka nalo wakikimbia. Moto ukishika safu ya mabati, gari la zimamoto halipiti kichochoroni. Na tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara kati ya Ngong Road na Lang'ata, yakabomoa nyumba pamoja na shule, na watu wakatoka na walichoweza kubeba. Fanyeni zoezi: mjukuu na mama yake walishike, watoke nalo hadi kwenye reli. Likikwama mlangoni, rudi kwenye kamba yako uone fundo gani lilikudanganya.

Upande wa ndani wa kifuniko andika kwa penseli ya seremala jina lake, siku aliyozaliwa, na kama ameitwa jina la bibi aliyetangulia, andika huyo alikuwa nani, alitoka wapi na alipenda nini. Akichukua soksi asubuhi atamsoma.

Vita vinaanza ukishalikabidhi. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo atalitamani. Baba yake ataomba kuweka chaja na spana, mara moja tu. Mama ataona ni mahali salama pa kitabu cha chama. Kuna mtu ataingiza unga. Kataa yote, kwa upole, na ukatae mbele ya mtoto ili asikie. Ufunguo mmoja ni wake. Wa pili akae nao dani, yaani bibi yake, kwa sababu mtoto atapoteza wa kwanza na dani hapotezi kitu. Wewe fundi usibaki na wowote, wala usiulize ndani kuna nini.

Wajukuu wengine watakuwa wameshaona. Wa kwanza atakuja kukusalimia kwa heshima ambayo hajawahi kuwa nayo, wa pili atajitolea kukuchotea maji. Nenda Gikomba kabla hawajawa foleni, uulize bei ya futi 80, na umpeleke yule mwenye maneno mengi akupiganie kwenye punguzo.