Njooni Mnitazame Saa 100

Kwa Waheshimiwa Wajumbe,
Kamati ya Udahili, Udaktari wa Fiziotherapia,
Marekani.

YAH: KUULIZA KAMA NINA NAFASI AU SINA



Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule yule wa mwaka jana na mwaka juzi. Najua hamnikumbuki, na sina kinyongo. Barua yenu ya Machi ilinifahamisha kwamba safari hii waombaji walikuwa wengi na wazuri kupita kawaida. Ya Machi iliyotangulia nayo ilisema walikuwa wazuri kupita kawaida. Hongereni. Sijui nchi nyingine ambako watu wanazidi kuwa wazuri kila ifikapo Machi.

Swali langu ni fupi, na nimeshaliuliza kwa simu, kwa barua pepe, na ana kwa ana siku ile mliyotukaribisha kuzuru chuo, nikiwa na shati lililopigwa pasi na usingizi wa zamu ya usiku machoni. Je, kwa wastani huu wa alama nilio nao, nina nafasi? Kila mara nimejibiwa kwa tabasamu: hamwezi kuzungumzia nafasi ya mwombaji mmoja mmoja, mnamtazama mtu kwa ukamilifu wake, na mnanihimiza niombe.

Kuhimiza hakuwagharimu kitu. Kuhimizwa kunanigharimu zaidi ya dola 150 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya 50 kwa kila kinachofuata, mbali na ada nyingine ambayo baadhi yenu huidai baada ya kupokea ile ya kwanza, mbali na mtihani wa GRE kwa wale ambao bado mnauona una maana. Kule kwetu Tanga konda wa daladala ataapa kwamba nafasi ipo huku mtu ananing'inia mlangoni. Lakini akishakula nauli yako, anakubeba.

Mmeandika kwamba wastani wa chini ni 3.0. Sote tunaoomba tunaijua hiyo 3.0. Ni ile "karibu tule" ya mtu aliyebakiza tonge moja kwenye sahani. Ukinawa mikono ukakaa, wewe ndiye huna adabu.

Sasa niruhusuni niseme kidogo kuhusu Fizikia ya Pili. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilipata D, mara ya pili A, pamoja na maabara yake. Mfumo mnaotumia kupokea maombi hausahau kitu. Umezichukua zote mbili, ukajumlisha 1 na 4, ukagawa kwa mbili, ukanipa 2.5. Hakuna siku hata moja katika maisha yangu niliyoijua fizikia kwa kiasi cha 2.5. Kuna muhula sikuijua, na kuna muhula niliijua.

Ninyi ni watu wa magoti, mtanielewa. Mgonjwa aliyebadilishiwa goti huja siku ya kwanza akilikunja kwa nyuzi 60 huku anasaga meno. Mnampima kwa goniometa, mnaandika. Wiki zinapita, kamba za mpira zinabadilika kutoka ya manjano hadi nyekundu, kutoka nyekundu hadi kijani, na siku moja analikunja kwa nyuzi 120 na kupanda ngazi bila kushika ukuta. Mnaandika 120, mnampigia makofi. Sijamwona mtaalamu yeyote anayejumlisha 60 na 120, akagawa kwa mbili, akamwambia mgonjwa: pole mama, goti lako ni la 90, na mwaka huu tumepata magoti mazuri kupita kawaida.

Muhula ule wa D nilikuwa Tanga namzika baba. Niliondoka wiki ya tano, nikarudi ya nane, na nilipouliza kama naweza kuahirisha niliambiwa tarehe imepita. Hilo mnataka nililie katika insha, herufi 4,500 pamoja na nafasi kati ya maneno, kwa namna inayoonyesha nimekua. Sikukua. Nilifiwa.

Samahanini, nimepaza sauti. Turudi kwenye adabu.

Ombi langu kuu linahusu saa za kutazama wataalamu kazini, ambazo baadhi yenu huzidai kwa mwombaji. Nimekaa saa 120 kwenye kigoda chenye magurudumu katika kliniki ya wagonjwa wa nje, nikimtazama mtaalamu akifanya kazi. Sikugusa mgonjwa, ilikatazwa. Nilikunja taulo, nikafuta vitanda kwa dawa, nikahesabu kimoyomoyo mama mmoja alivyonyanyua mguu mara kumi na tano. Kisha chuo kimoja kikanijulisha kwamba nusu ya saa hizo zilitakiwa ziwe za wagonjwa waliolazwa. Kingine kikasema zimechakaa. Wakati huo huo, kwa miaka sita, usiku wa manane, nawainua wazee kwa mikono hii hii katika nyumba ya wazee, na saa hizo hazihesabiwi, kwa kuwa saa nane za usiku hakuna mwenye leseni aliye macho wa kuniwekea saini.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba kila mjumbe wa Kamati aje anitazame mimi kwa saa 100.

Nimeshaandaa utaratibu. Saa 50 zitakuwa za ndani: zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Saa 50 zitakuwa za nje, yaani kituo cha basi, mnitazame nikisoma kemia kwenye kadi huku nasubiri basi la alfajiri. Wajumbe mtavaa suruali ya kaki na fulana yenye kola, imechomekewa. Viatu vifunikwe vidole. Mtakuja na chakula chenu, na pa kuegesha gari mtajitafutia. Malipo hakuna, ila mtakuwa mmejifunza.

Hamtagusa kitu. Kuna mzee wa miaka 91 ambaye huamka saa tisa akitaka kukaa kwenye kiti. Namfunga mkanda kiunoni, napiga magoti yangu mbele ya yake, mgongo nimeunyoosha, namwambia asogeze pua ipite vidole vya miguu. Tunahesabu pamoja. Nimemfundisha kwa Kiswahili: moja, mbili, na ile tatu anaivuta kama anaita ng'ombe. Ikifika tatu tumesimama, sote wawili tunahema, halafu tunazunguka hatua ndogo ndogo hadi kiti kinapogusa nyuma ya mapaja yake. Wakati huo wote ninyi mtakuwa kigodani pembeni, mkitabasamu lile tabasamu la mtu mwenye ari. Mkitaka kuonyesha moyo wa kujituma, taulo zipo.

Maswali yanaruhusiwa, yawe machache, yawe ya akili, yasiulizwe nikiwa na kazi. Kazi ninayo muda wote.

Mkimaliza nitawawekea saini kwenye fomu, na uthibitisho utatumwa kwa barua pepe ya kazini kwangu. Nikihama kazi kabla hamjathibitishiwa, saa zenu zitakuwa zimekufa nami nitawatakia kila la heri mkianza upya kwingine. Ikifika Machi nitawaandikia. Mjumbe atakayetaka kujua mapema kama ameniridhisha nitamjibu kwamba siwezi kuzungumzia nafasi ya mjumbe mmoja mmoja. Namtazama mtu kwa ukamilifu wake. Namhimiza aje.

Maombi mengine ni madogo. Mchapishe wastani wa mtu wa chini kabisa mliyempokea mwaka jana, nambari moja tu, inaenea kwenye kucha. Mnirudishie nauli. Barua za mapendekezo msidai kutoka kwa profesa aliyefundisha ukumbi mzima akinitazama kwa mbali kama minazi ya Pemba. Na neno "kuhimiza" lifutwe, au litozwe kodi.

Msidhani naidharau fani yenu. Naijua ilikotoka. Mwaka 1918, Mary McMillan alikuwa pale Reed College, Oregon, akiwafunza akina dada kuwasimamisha tena askari waliovunjwavunjwa na vita. Mafunzo yalikuwa ya miezi, si miaka. Mwaka 1921 akawa rais wa kwanza wa chama chao. Leo njia ni ndefu zaidi: tangu kuisha kwa 2015 programu yenye ithibati lazima itoe udaktari, na huo kwa kawaida ni miaka mitatu juu ya shahada ya kwanza. Sawa. Mwili wa mtu si baiskeli. Ila wale akina dada wa 1918, ambao vitabu vyenu vya historia huanza nao, walikuwa na cheo kilichoandikwa rasmi na jeshi. Waliitwa wasaidizi. Nami kibao changu cha kifuani kimeandikwa msaidizi, nakivaa usiku huu.

Wasalaam,

Mwombaji, anayeingia mwaka wa tatu.

N.B. Dirisha la maombi linafunguliwa katikati ya Juni. Ada nimeshaitenga.