Sifa za Mlango Uliofungwa

Washairi wamemaliza kuusifu mwezi, na waimbaji wa taarabu wameyasifu macho mpaka yamechoka. Mlango wa msimamizi wa tasnifu haujapata mtu. Basi kazi hiyo naichukua mimi, niliyekaa mbele yake karibu miezi mitatu, kwenye benchi lenye mguu mmoja mfupi, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam.

Wenyewe ni wa mbao, kahawia, na kitasa kimepauka kwa mikono ya walionitangulia. Karatasi iliyobandikwa juu yake inasema mwenye ofisi huonana na wanafunzi Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa sita. Ni karatasi ya kweli kabisa. Haijasema Jumanne ipi.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, na darasani nilinakili mengi nisiyoyaelewa. Mlango ndio ulionielewesha. Tuseme mkwamo: hali ambayo programu moja imeshika kile inachokihitaji nyingine, nayo hiyo nyingine imeshika cha mwenzake, na hakuna inayoachia. Dijkstra, yule Mholanzi, alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1960 na kuliita kumbatio la mauti. Mhadhiri wetu alichora visanduku na mishale, nikaona usingizi. Halafu nikapeleka fomu ofisi ya uzamili, wakaniambia pendekezo halipokelewi bila sahihi ya msimamizi. Msimamizi niliyemtaka, kwa simu, akasema hasaini kabla idara haijamteua. Idara nayo haiteui mpaka ione pendekezo lililopokelewa. Nilisimama kwenye ngazi, fomu mkononi, nikacheka peke yangu hadi mama wa usafi akaniuliza kama nimekunywa chai. Somo la mifumo endeshi nilipata C. Wangenitahini palepale kwenye ngazi, ningepata A.

Au lile la Turing, yule mwanahisabati Mwingereza. Mwaka 1936 alithibitisha kwamba hakuna kanuni moja inayoweza kuikagua programu yoyote ile na kusema kama itafika mwisho au itazunguka milele. Nililielewa nilipojibiwa barua pepe yangu kwa maneno mawili: "Nimepokea. Nitakujulisha." Siku ya tisa ikapita, na ya ishirini. Ukikata tamaa leo, huenda alitaka kujibu kesho. Ukisubiri kesho, nayo ina kesho yake. Tiki za bluu za WhatsApp sizizungumzii, maana zile ni za kumtia mtu kichaa tu, hazina elimu ndani yake.

Na anayedhani kumfuata msimamizi ni unyonge, huyo huyo Turing na amwangalie. Alipokuwa akihangaikia hoja yake, kule Princeton bwana mmoja aitwaye Alonzo Church alikuwa amekwisha kufikia jibu lile lile kwa njia yake, na akalichapisha kabla yake. Mwingine angenuna mwaka mzima. Turing alifunga mizigo, akapanda meli Septemba ya mwaka ule ule, akavuka Atlantiki kwenda kuwa mwanafunzi wa mtu aliyemtangulia, na mwaka 1938 akapata udaktari chini yake. Mimi nilivuka Ubungo kwa daladala mbili, na bado nililalamika.

Lakini sifa kuu ya mlango wangu ni kwamba haukunifungulia mapema. Siku ya kwanza nilikuja na mada niliyoipenda kama mtoto: mfumo wa akili mnemba utakaotambua magonjwa ya mihogo kwa picha za majani. Benchini tulikuwa sita. Wanne tulikuwa na mihogo. Wote tulitegemea picha zile zile zilizokusanywa na watu wa Makerere, na kila mmoja aliwaficha wenzake kichwa cha tasnifu yake kama mtihani wa taifa. Wiki ya tatu, dada mmoja kutoka Mtwara, ambaye kwao wanalima kweli, alituuliza nani amewahi kuuona ugonjwa wa batobato shambani. Kimya. Mimi ni mtoto wa Magomeni. Muhogo naujua ukiwa umekaangwa, umetiwa pilipili na chumvi.

Hapo ndipo usimamizi ulipoanza, na Dokta, msimamizi mwenyewe, alikuwa semina Dodoma. Mlango ulikaa kimya kama mwalimu mzuri, ukatuacha tujiumbue wenyewe. Tulichambuana hadi saa sita, tukaenda kula wali maharage, tukarudi. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa nimeacha mihogo na kushika jambo nililokuwa nimelikalia: namna ya kupanga miadi mahali ambapo wanaosubiri ni wengi na wa kuwahudumia ni mmoja. Nikachagua zahanati. Kuchagua ofisi za wahadhiri ningeonekana sina adabu.

Wala simsemi vibaya Dokta. Mtu mwenye darasa la mwaka wa kwanza lisiloenea ukumbini, wengine wakiandika wakiwa wamesimama dirishani, akijifungia ndani saa moja ale karanga zake, nani wa kumlaumu?

Alhamisi moja kitasa kikazunguka. Nikaamka, shikamoo ikanitoka kabla mlango haujafunguka vizuri. Akasoma kurasa zangu mbili akiwa amesimama, akasema mada imekomaa, akasaini, akauliza, "Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

Nilisema nilikuwa hapo nje, Dokta.

Juma lililofuata nilirudi na sura ya kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa. Benchini alikuwepo kijana mgeni, bahasha mapajani, ameketi upande ule mbaya. Nikamwambia asogee huku, kule kunayumba, kisha nikamuuliza mada yake.

"Mihogo," akanong'ona.