Muulize Shangazi: Mbwa wa Mwanangu, Kazi Yangu

Kijana wetu ana miaka 31. Mwaka jana kazi ilimwishia Dar, akarudi nyumbani Tanga na begi moja na mbwa jike wa Kijerumani aitwaye Bosi. Akatuambia huo ni mtaji, watoto watauzwa bei ya ng'ombe. Bosi kazaa sita na mbwa koko wa mtaani, mnunuzi hajatokea. Kijana analala mpaka adhuhuri, jioni yuko kwenye kubeti. Kupika ni mimi, kuzoa mavi ni mzee, ambaye kila akilambwa kanzu anaiosha mara saba, moja kwa udongo, na maji tunanunua. Tukimsema ananuna, tunaogopa ataondoka akapotee. Juzi Bosi kamng'ata mtoto wa jirani. Tufanyeje?
Mama Mchovu, Tanga

Mama Mchovu, tuanze na mtoto wa watu, maana hapo Shangazi hana mzaha. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa sindano za kichaa cha mbwa. Nawe umeandika "juzi"! Weka gazeti chini, hakikisheni mtoto kafika hospitali, ndipo urudi kusoma. Msingoje dalili, kwani zikishatokea ugonjwa huo hauna tiba. Bosi naye msimpige mawe. Afungiwe, daktari wa mifugo amtazame kwa siku 10. Gharama zote alipe mwenye mbwa.

Sasa, mwenye mbwa ni nani? Kijana atasema ni yeye. Muulizeni Bosi. Kwa hesabu zake, mwenyewe ni yule anayesonga dona na kuchambua dagaa alfajiri, na huyo kijana ni mlishwaji mwenzake, ila hajui kubweka mwizi akija. (Na masazo ya pilau usimpe tena, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mpe kijana, yeye havimdhuru.)

Kupoteza kazi kunavunja mtu, hilo nakubali. Huenda Bosi ndiye kiumbe pekee katika mtaa mzima asiyemuuliza, "Vipi, umepata kibarua?" Lakini majonzi hayajawahi kumzuia mtu kushika koleo. Na hofu yenu kwamba ataondoka naiona ya bure. Mtu anayeamka adhuhuri atapanda basi gani?

Mzee amwite, aseme yeye, wewe ukae kimya hata ulimi ukikuwasha. Kuanzia kesho sufuria ya Bosi haiingii jikoni kwako. Kijana akichelewa, Bosi atambwekea njaa yake kutoka alikofungiwa mpaka aamke, tena kwa sauti ambayo wewe hujajaliwa. Watoto wakitimiza miezi mitatu wachanjwe, mama yao achanjwe kila mwaka, na pesa itoke kwenye mikeka ya kubeti. Bosi afungwe kizazi haraka, kwani mimba ya mbwa ni miezi miwili tu, na kijana wenu kwa mwendo wake atazinduka mkiwa na kijiji. Hao sita wagawieni wenye mashamba huko Muheza, wanaosumbuliwa na ngedere. Bei ya ng'ombe isahauni.

Kanzu ya mzee? Mzee hana kosa hata chembe, Washafii ndivyo tulivyofundishwa. Ila hayo maji ya mara saba ayabebe kijana, na udongo auchimbe yeye. Wiki moja ya hivyo na Bosi atafundishwa adabu za kukaa mbali na kanzu bila Shangazi kusema tena.

Limebaki lile swali uliloliandika pembeni kwa herufi ndogo, mzee asilione: kama inawezekana kijana ndiye atafutiwe chumba, na Bosi abaki. Inawezekana, Mama. Mlipieni kodi ya miezi mitatu ya mwanzo. Pesa ya chakula cha Bosi atakuwa anatuma kwa simu.