Udongo wa Nani?

Juu ya Kidatu, pale misitu ya Udzungwa inapoanza kupanda, palikuwa na mvule mzee wenye tundu. Humo Hondohondo alimweka mke wake. Au niseme vizuri, mke alijiweka mwenyewe, maana ndiyo desturi yao. Dume hushuka kando ya mto Ruaha, humeza udongo, hurudi akautema vidonge vidonge. Jike, akiwa ndani, huukandika mlangoni mpaka pabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo atataga, ataatamia na kulea, miezi mitatu na zaidi, na kila tonge linatoka kwa mume. Sijui binadamu gani angeuvaa mkataba huo.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Hondohondo alirudi koo limejaa makuyu, akayatoa moja moja, huku akipiga ile kelele ambayo mkewe peke yake ndiye aliyeiita wimbo.

Kisha akaanza kupitia kijiwe cha kunguru, karibu na mzani wa miwa wa kiwanda cha sukari. Aliona lori likipimwa limejaa, likapimwa tena tupu, mkulima akaandikiwa tani zake. Jambo likamkaa kichwani. Mkulima wa miwa ana sababu zake za kuukodolea macho mzani, na ukimsikiliza hamalizi kuzieleza. Hondohondo hakuwa na hata moja. Lakini jioni ile alipofika ufani alisema, "La arobaini na moja hilo." Kesho yake, "La sitini." Mwisho akawa anashuka chini ya mti kuhesabu mabaki yaliyodondoka, asije akapunjwa. Na kijiweni aliwasomea kunguru jumla.

"Kuna tatizo, mama watoto?"

"Hamna."

Kwa kila "hamna", Bi Hondo alibandika kidonge kimoja ukingoni mwa ufa. Bwawa lenyewe la Kidatu, lenye mitambo ya megawati 204, limewekewa milango ya kupunguzia maji. Yeye hakujiwekea hata mmoja.

Siku moja kuyu likakwama.

"Umenifungia mlango!" Hondohondo akapayuka, msitu mzima ukasikia.

Sauti ikatoka ndani, nyembamba: "Udongo wa nani?"

Akaitwa mshenga, mzee Mbega, yule mwenye utosi mwekundu kama aliyezaliwa na kofia. Mbega alikaa kwenye tawi, akakohoa, akasema ndoa ni kuvumiliana. Akala kuyu lililokwama. Akasema tena ndoa ni kuvumiliana, kwa mume kwanza, halafu kwa mke, akaondoka ameshiba. Hakuuliza ufa ulikuwa na upana gani siku ya harusi.

Aliyeligusa hilo la upana ni Panya wa stesheni, aliyekuwa akizurura chini ya mti kwa sababu zake.

"Shemeji," alisema, "kwetu kule reli mbili zinakutana. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067. Milimita 67 tu, lakini behewa la huku haliingii kule. Basi watu wanashusha mzigo, wanaupakia upande wa pili. Sijasikia reli ikiitukana nyingine kwa wembamba."

"Na wewe unafaidi nini?" Hondohondo akauliza.

"Mimi nakula kinachomwagika wakati wa kuhamisha. Mkigombana zaidi nitahamia hapa kabisa."

Bi Hondo alicheka humo ndani. Hondohondo alikuwa hajausikia ule mcheko tangu enzi za udongo mbichi, akashtuka hata akasahau alikuwa amefikia namba ngapi.

Akaanza kudonoa udongo kwa nje. Ndani nako kukasikika midonoo. Kwa kuwa hakuna aliyeona alipo mwenzake, midomo yao iligongana mara mbili, na mara ya pili iliuma kweli. Ufa ukapanuka kidogo. Akapitisha kuyu. Akafungua mdomo ataje hesabu, akaimeza.

"Kuna tatizo, mama watoto?"

"Ham..." Kimya. Halafu: "Lipo. Lakini ni refu. Hao kunguru wako wanakungoja?"

Hondohondo alitazama upande wa kiwandani, ambako moshi wa miwa inayochomwa ulikuwa ukipanda. Akakunja mbawa, akakaa.

Chini, Panya alingoja kuyu lidondoke. Alingoja mpaka jua likazama nyuma ya Udzungwa.