Sifa za Kivuli

Mwezi wa Juni, Laela, hakuna mtu anayetafuta kivuli. Baridi ya uwanda wa Ufipa ikishaingia, watu huamka na blanketi mabegani, huegemea kuta zinazotazama mashariki, na jua likisogea nao husogea, kiti mkono huu na kikombe cha uji mkono ule. Mti wenye kivuli kizuri huachiwa mbuzi. Nilipoteremka kwenye basi na likizo yangu ya siku 28 na koti la kuazima, sikuwaza kabisa kwamba yuko mtu angeniomba kivuli.

Niliombwa cha karatasi, yaani nakala, siku ya tatu, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye ofisi ya kwanza. Hadi naondoka mwishoni mwa Septemba nilikuwa nimetoa vivuli 141, ukiacha kimoja nitakachokieleza baadaye. Hesabu anayo kijana wa steshenari, aliyenifungulia ukurasa wangu kwenye daftari la madeni, juu yake kaandika "Mjomba wa Dar". Mtu aliyefika 141 hana budi kusimama na kukisifu.

Ukoo wa kivuli si wa kubezwa. Baba yake ni Chester Carlson, Mmarekani aliyefanya kazi ya maombi ya hataza na kuchoshwa na kunakili kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, yeye na msaidizi wake waliandika tarehe hiyo na jina la mahali hapo kwenye kioo, wakasugua bamba lenye salfa kwa kitambaa, wakalimulika, wakanyunyiza unga, na maandishi yakahamia kwenye karatasi. Kisha makampuni zaidi ya ishirini yakamzungusha. Mashine iliyoingia maofisini kwa kishindo, Xerox 914, ilitoka mwaka 1959, miaka 21 baadaye. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuambiwa njoo kesho kwa sababu ya kivuli ni yule yule aliyekizaa, na hilo kidogo lilinifariji.

Shughuli iliyonileta ilikuwa ndogo. Baba alifariki mwaka uliotangulia. Ilibaki kumwekea mama sawa kiwanja na akiba kidogo ya marehemu. Kikao cha ukoo kikaniona mimi, msomi wa mjini, ndiye wa kufuatilia. Baba mdogo aliandika muhtasari kwa kalamu ya bluu, tukasaini, shangazi akaweka dole gumba. "Siku tatu tu," akasema baba mdogo. "Wewe unajua kuongea nao."

Sasa sifa yenyewe. Kivuli ni chepesi kubeba, huwasha jiko asubuhi za baridi, huwekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba, na upande wake mtupu watoto wa dada wamechora ng'ombe wa kutosha kuanzisha ranchi. Haya ni madogo. Sifa kuu ya kivuli ni kwamba kinaaminiwa kuliko mwenyewe.

Chukua siku ile ya kwanza. Nilimpa karani kitambulisho changu. Akakitazama, akanitazama, akapitisha kidole kwenye namba zote 20, akaridhika.

"Sawa. Kivuli chake?"

"Lakini chenyewe umekishika, mheshimiwa."

"Hiki si utaondoka nacho? Mimi nabaki na nini?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Wiki iliyofuata nilikwenda na mama, nikamwacha amekaa kwenye benchi la nje, kanga ya pili kichwani. Karani akaniuliza kama mama yangu yuko hai. Nikamwambia yuko hapo mlangoni, nimwite? "Hapana, usimsumbue mama," akasema kwa heshima kabisa. "Lete tu kivuli chake."

Wazee husema jina la Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Zamani mtu usiyemjua akiulizia kivuli cha mama yako, ungeita ukoo mzima na mganga juu. Siku hizi unamuuliza: viwili au vitatu?

Na si kwamba nchi hii hainifahamu. Tangu Mei 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole, na waliochelewa walianza kuzimiwa Januari 2020. Kidole changu hiki hiki, kikiwa na vumbi la mahindi, kinatosha kunipatia laini chini ya mwavuli wa wakala pale stendi. Ofisini kidole hicho kinafaa kwa kazi moja tu, kuonyeshwa steshenari ilipo. Mtume Tomaso, ambaye kila mtoto wa katekisimu Ufipa anamjua, alitaka kutia kidole kwenye jeraha ndipo asadiki. Karani wangu ni mgumu kuliko Tomaso. Angeliona jeraha, angekubali kwamba ni jeraha, halafu angeuliza kama kuna kivuli chake kilichogongwa mhuri wa wakili.

Maana kuna kivuli, na kuna kivuli kilichothibitishwa. Kwa hicho cha pili nilipanda kosta ya alfajiri kwenda Sumbawanga, kilomita 95. Kipande hicho cha barabara, Laela hadi mjini, kilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia shirika lao la misaada, MCC, na ni lami safi. Ubaya wake ni kwamba imemwondolea karani huruma. Enzi za vumbi na matope angefikiria mara mbili kabla ya kukutuma. Leo anakwambia, "Si unafika mara moja tu?" Wakili naye hakuinua uso. Hakuwahi kuniona, hakumjua mama. Aligonga mhuri, akasaini, akapokea chake. Kuanzia dakika ile kivuli kikakipita cheti cheo: hakuna ofisi iliyouliza tena kuhusu cheti chenyewe. Waliuliza kama kile kivuli kilichothibitishwa kina kivuli.

Hapo ukoo ukaanza kuzaana. Kivuli kikazaa kivuli, kikazaa kitukuu, na kila kizazi kikizidi weusi. Kwa mama ilikuwa neema. Jina lake kwenye kitambulisho lina herufi R. Kwenye cheti cha ubatizo lina L, kwa kuwa padri aliandika alivyosikia bibi akitamka. Nililipia hati ya kiapo kueleza kwamba mwenye R na mwenye L ni mama mmoja. Fedha ya bure. Kufika kizazi cha nne herufi ile ilikuwa doa, ungeweza kuisoma R, L, au nzi aliyepondwa. Karani akaipitisha bila swali.

Safari ya kivuli haiendi peke yake. Ikitajwa tu kwamba kesho unakwenda mjini, jioni hiyo nyumba inajaa. Shangazi anataka miwani ile ya kusomea, baba mdogo anataka bomba la kupulizia dawa, binamu anadaiwa ada, kuna msiba Mpui ambao haiwezekani kupita bila kushuka. Nilishuka. Nilikaa matangani na bomba la kupulizia mapajani kama mtu aliyekuja kumaliza kunguni. Na nikiri hapa: ilipofika kamati ya harusi ya mpwa wangu, kila Jumapili, nilikuwa nasema nasubiri kivuli, nisamehewe. Nilisamehewa. Hakuna aliyethubutu kushindana nacho. Mwajiri wangu alipopiga simu kuuliza siku 28 zimekuwaje miezi miwili, akataka uthibitisho, na msomaji anajua wa namna gani.

Mwezi wa Agosti, ofisi ya pili ikaniambia jalada letu halionekani.

Halionekani. Jalada lenye karatasi 38, nililomkabidhi mtu mkononi, akaliweka kwenye kabati mbele ya macho yangu. Kwa Kiswahili cha ofisi kitu hakipotei kamwe. Hakionekani tu, kana kwamba kasoro ni ya macho, na kama ni ya macho basi ni yangu. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyenyanyuka kutafuta. Mama alikuwa ametembea nami kutoka nyumbani na mguu wake unaovimba, na mtu yule aliendelea kukoroga chai. "Lete vingine," akasema. Nilitoka nje nikasimama ukutani pamoja na watu wanaoota jua, mpaka nilipoweza kuongea vizuri.

Kisha nikanunua karanga. Muuza karanga alizifunga kwenye kivuli cha cheti cha kidato cha nne, chenye picha ya binti, jina, shule na namba ya mtihani. Kiswahili alipata C. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nikazila karanga zile nikijaribu kutomtazama binti usoni.

Ofisi ya kwanza na ya pili zinatazamana. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua kumi na tisa, nimezihesabu. Zote mbili zina kompyuta, na Sheria ya Serikali Mtandao tunayo tangu 2019. Lakini taarifa za mama hazikuwahi kuvuka hatua hizo kumi na tisa bila miguu yangu. Waya uliounganisha kompyuta hizo ni mimi, na nikikatika, mtandao unakuwa chini. Nilimuuliza karani wa kwanza, tulipokwisha kuzoeana hadi tukawa tunaitana kaka, kwa nini asimwombe mwenzake wa ng'ambo amtumie. Akacheka. Akanionyesha kabati. "Kaka, mkaguzi akija ataniuliza mimi. Nitamwonyesha nini, urafiki?"

Nikaelewa kwa nini kinaitwa kivuli. Huku nje sote tunalifuata jua, kumbe mle ndani wako watu linawaunguza mwaka mzima, na kila karatasi niliyoleta ilikuwa tawi jingine la kujificha. Yeye alikaa chini ya vivuli vyangu, mkuu wake chini ya vyake, na mkuu wa mkuu wake chini ya mti ambao sisi wa Laela hatuwezi hata kuuona shina. Likitokea kosa, kila mmoja ana karatasi ya kuonyesha kwamba aliletewa karatasi. Kama mama alipata haki yake, hilo halina fomu.

Alipata, lakini. Septemba, wakati jua limeanza kuwa kali na watu wamehamia upande wa pili wa nyumba. Ofisi ya mwisho ilichukua kitambulisho cha baba moja kwa moja. Cha marehemu hurudishwa. Tulipofika nyumbani mama akaniuliza kama kuna kivuli chake kilichobaki. Nikapekua bahasha, nikapata kimoja, kizazi cha tatu. Akakipeleka mlangoni penye mwanga, akakisogeza mbali na macho, akakirudisha karibu.

"Wamemzidishia weusi," akasema. "Lakini shati ndilo."

Akakilaza ndani ya kitabu chake cha nyimbo, akakifunga, akakaa kidogo.

"Nenda katoe na cha shangazi yako."