Kuusifu Mkanda wa Saa Unaonuka Dagaa

Mwambao wa Kigoma haujakosa vitu vya kusifiwa. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufikia takriban mita 1,470 na kulifanya la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal, limeandikwa sana; Ujiji imeandikwa kwa sababu ya Stanley na Livingstone waliokutana hapo mwaka 1871; na Gombe, iliyo kati ya mji wa Kigoma na kijiji cha Kagunga mpakani mwa Burundi, imeandikwa kwa ajili ya sokwe mtu ambao Jane Goodall alianza kuwatazama mwaka 1960. Mkanda wa saa wa nailoni, unaovaliwa katika mwambao huo huo na kunuka mwambao huo huo, haujatengewa hata aya moja, na upungufu huo unapaswa kurekebishwa kabla mkanda wenyewe haujakatika.

Mkanda unaokusudiwa ni ule uliofumwa kwa nailoni, uzi wa kiwandani uliobuniwa mwaka 1935 katika maabara za kampuni ya DuPont nchini Marekani, na ambao ziwani hujulikana zaidi kwa nyavu kuliko kwa mapambo. Utepe mmoja mrefu hupitishwa chini ya pini mbili za saa, yaani vijiti vidogo vya chuma vinavyokaa kati ya masikio ya saa; utepe wa pili, mfupi, wenye pete mwishoni, huizuia saa isiteleze; na bizimu, kile chuma chenye ulimi wa kuingia tunduni, hufunga kazi yote. Umbo hili lilipewa hadhi ya kiserikali na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza mwaka 1973, kwa kiwango nambari 66-15, kilichotaka mkanda wa askari uwe wa kijivu na wenye upana wa milimita 20. Ukoo huo wa kijeshi hauna ajabu kwa watu wa Kigoma, ambao kwa miaka mingi wamesafiri na magunia yao ndani ya MV Liemba, meli iliyofungwa mizinga na Wajerumani ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kama raia mwema.

Fadhila kuu ya mkanda huu ni kutosahau. Ngozi ikilowa mara kwa mara huoza na kupasuka, na chuma cha pua hufutwa kwa kitambaa kikang'aa kana kwamba mwenye saa hakufanya kazi yoyote tangu asubuhi. Lakini nailoni iliyofumwa, kwa kuwa ina nafasi ndogondogo kati ya uzi na uzi, hupokea kila kilichomgusa mvaaji na kukitunza. Mchuuzi aliyepakua magunia ya dagaa ufukweni Kagunga, akamsaidia nahodha kumimina petroli kwenye mashine ya boti, kisha akapima mawese kwenye madumu, hurudi nyumbani na kumbukumbu zote tatu mkononi, kwa mpangilio huo huo, wala mkewe hana haja ya kumuuliza alikuwa wapi. Mawese, yaani mafuta mekundu ya michikichi, ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa karibu: tone moja likiangukia mkanda wa kijivu hutambaa kufuata nyuzi za mshazari, likatulia kuzunguka tundu linalotumiwa kila siku, pale ulimi wa bizimu unapokandamiza, na kuacha duara la rangi ya chungwa ambalo sabuni ya kipande hulipunguza bila kulimaliza.

Walalamikaji husema kwamba mkanda huu, kwa kupita mara mbili chini ya saa, huiinua mno kutoka kwenye ngozi. Husema kweli, ila hawajaona neema iliyomo: saa ya bei ndogo ikiinuliwa hivyo huonekana hata na abiria aliyeketi nyuma kabisa ya boti, na boti inapogonga gati, kioo hutangulia kuumia badala ya mfupa.

Kuuchagua ni elimu inayojitegemea, na wengi huipata baada ya kununua. Kipimo kinachohitajika ni nafasi kati ya masikio ya saa, ambayo kwa kawaida huwa milimita 18, 20 au 22. Mkanda mpana kuliko nafasi hiyo hujikunja kingoni, na mwembamba huyumba huku na huku ukiacha pini zikiwa uchi. Matundu nayo huchunguzwa kwenye mwanga, kwa sababu yaliyopigwa kwa joto huwa na ukingo mgumu unaong'aa, ilhali yaliyotobolewa kwa ncha tupu huanza kufumuka baada ya muda mfupi. Mkanda uliofumuka hutibiwa kwa njiti ya kiberiti: nailoni huyeyuka, na ikipoa huwa kidonge kigumu kinachomkwaruza mvaaji na kumkumbusha kwamba ana saa, jambo ambalo saa zenyewe mara nyingi hushindwa.

Kagunga, zaidi ya hayo, ni mahali ambapo saa ina kazi ngumu. Tanzania hufuata wakati ulio saa tatu mbele ya ule wa Greenwich, ilhali Burundi, Kongo (kwa upande wake wa mashariki) na Zambia, nchi nyingine zote zinazolizunguka ziwa hili, hufuata wakati ulio saa mbili mbele, kiasi kwamba mtu akivuka mpaka saa nne asubuhi hufika upande wa pili saa tatu, akiwa amezawadiwa saa nzima ambayo atanyang'anywa jioni akirudi. Simu iliyoachiwa ijirekebishe yenyewe ikinasa mtandao wa jirani inaweza kubadili msimamo pasipo mwenyewe kuvuka hata jiwe la mpaka, na miadi ya boti ikaharibika. Saa ya mkononi haina ujanja huo, na mkanda wake una uadilifu mkubwa zaidi: hauna maoni yoyote kuhusu wakati, haujawahi kumchelewesha mtu, na hubana sawasawa pande zote mbili za mpaka.

Hoja ya mwisho ni ya usalama, na hapa sifa haina budi kuacha mzaha kidogo. Mkanda wa vipande viwili hushikwa na kila pini peke yake, hivyo pini moja ikiruka saa huanguka, na juu ya ziwa lenye kina kile hakuna anayepiga mbizi kuifuata. Utepe mmoja unaopita chini ya zote mbili huiacha saa ikining'inia kwenye pini iliyobaki, imepinda vibaya, ikimtia mwenyewe aibu mbele ya abiria wenzake, lakini ipo. Kwa sababu hiyo mara nyingi saa ndiyo hutangulia kufa, maji yakishaingia chini ya kioo, na mkanda ulionunuliwa kuilinda huvuliwa, ukafuliwa, ukatumiwa kufungia kifuniko cha betri cha redio, kazi ambayo Wizara ya Ulinzi ya Uingereza haikuiandikia kiwango chochote.