Leseni ya Maksai

Mwaka 1925 mbwa wa Alaska walivuta sleji zenye dawa ya dondakoo hadi Nome, bila usukani, kwa kusikia sauti tu. Hapa kwetu Butimba theluji hatuna. Maksai wanaovuta mikokoteni tunao.

Na wewe, mgeni wa juzi, miwani ya jua usoni, leseni daraja D mfukoni, unapanda mkokoteni na kuuliza breki iko wapi! Breki ni mdomo wako, kaka. Unaamrisha kwa Kiswahili cha Kinondoni, maksai wamezoea Kisukuma. Wameona majani kando ya ziwa, wameondoka nawe. Miwani imebaki barabarani.

Chuo cha ualimu tunacho hapa, lakini mwalimu wako leo ni yule mtoto anayekucheka pale barabarani. Mwamkie kwanza.